Hukumu ya Ng'ombe wa Baba

Jumatatu, 22 Desemba 2025
Nimefungua sanduku la marehemu Baba. Ndani, hukumu ya mahakama ya mwaka 2014: jirani yetu Mzee Ndelilio amlipe Baba ng'ombe mmoja wa maziwa. Hakulipa. Na Baba, mtu aliyekuwa akihesabu njiti za kiberiti, hakumdai. Kwa nini? Swali linaniwasha kuliko upupu.

Nimeshuka Moshi. Karani wa mahakama kasema hukumu hufa ikifikisha miaka kumi na miwili, hii imebakiza miezi mitatu, ila anayeweza kuomba ikaziwe, yaani mdaiwa alazimishwe kulipa, ni msimamizi wa mirathi tu. Mke wangu Dominika anataka niachane na mambo ya wazee. Lakini tunanunua maziwa ya watoto kwa kikombe, hapa hapa kijijini Kilema, kwenye ng'ombe kila boma! Naona aibu.

Jumanne, 23 Desemba
Kikao cha ukoo. Miaka minne tangu Baba afariki, hakuna aliyetaka usimamizi wa mirathi yake. Nimejitolea. Wamepiga makofi kabla sijamaliza, shangazi Lukresia akanisogezea kiti. Wananiheshimu. Ila mbona haraka vile?

Alhamisi, 25 Desemba
Mpango: nimdai mzee mbele ya watoto wake waliopanda na magari kutoka Dar kula Krismasi. Watalipa kwa aibu. Nikaenda kwake, nikatoa shikamoo, nikala nyama, nikafuta mikono, nikasoma hukumu kwa sauti.

Mzee hakukasirika. Akaingia ndani, akatoka na hukumu yake, ya 2015: Baba amlipe fidia ya mibuni sitini aliyoikata. Hiyo ni thamani ya ng'ombe watatu! Akaeleza kuwa kila mmoja alishinda kesi moja, wakapelekeana majani ya isale kuombana msamaha, wakanywa pombe ya mbege, wakakubaliana asidai mtu. Kumbe! Nilifurahi kujua, dakika moja hivi. Kisha binti yake Loveness, wakili, akauliza kwa upole kama kweli msimamizi wa mirathi ni mimi, na jina langu la tatu ni nani, aliandike kwenye dai la mibuni: deni la marehemu hudaiwa msimamizi.

Jumamosi, 27 Desemba
Nimepeleka isale. Huku jani hilo likifika, msamaha haukataliwi. Ila haliendi peke yake: beberu wangu, na ndoo ya mbege. Mzee kapokea. Karatasi zote mbili zimeingia motoni. Ng'ombe sina, beberu sina. Dominika kanipa kikombe nikanunue maziwa. Nimeapa kutogusa tena karatasi za zamani.

Jumatatu, 29 Desemba
Nilikuwa nafuta vumbi tu sandukuni. Chini kabisa, hukumu nyingine: mbuzi jike wawili, 2014, mwaka tuliofunga ndoa. Mdaiwa ni baba yake Dominika. Mkwe wangu! Na Baba hakumdai. Kwa nini? Imebakiza siku tisa. Dominika yuko kwaya. Bodaboda ananisubiri getini, anishushe Moshi.