Nimejipigilia Misumari Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimejiaibisha hadi sina pa kuweka uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia bafuni, na huko nje nasikia mama mkwe akicheka peke yake.

Nyinyi wa kundi letu la wanaoanza useremala mnanijua. Mimi ndiye Mama Wakesho wa Kaloleni, Voi, yule anayewasumbua kila asubuhi kwa mawaidha. Vaa miwani kabla ya kuwasha msumeno wa umeme. Usiweke mkono mbele ya patasi. Toboa kwanza kwa drili ndipo upige msumari, hasa karibu na ncha, la sivyo ubao utapasuka. Na lile ninalolirudia hadi mmoja wenu akaniita polisi: nguo inayoning'inia haiingii karakana. (Uliyeniita polisi, tafadhali usiendelee kusoma.)

Sasa sikieni. Mama mkwe wangu anaishi Mghange, kule juu milimani kwenye baridi. Shambani kwake walikata migrevilea, wakaipasua, na mbao zimekauka stoo vizuri kabisa. Zimenyooka, hazina mafundo. Mbao za kuota usingizini! Kuna mfanyabiashara anazitaka zote. Mimi nazitaka kuliko yeye, kwa sababu nimechoka kutengeneza vigoda kwa mabaki ya watu, na mbao hizo ndizo zitakazonifungulia karakana yangu mwenyewe. Mama hakukataa. Alisema tu, "Nitakuja nikae kwenye kitu umetengeneza kwa mikono yako. Nikiinuka salama, tutaongea."

Basi nikaamua kutengeneza benchi. Si benchi hivi hivi, benchi la kukaliwa na wajukuu.

Lilikuwa karibu kuisha jana, ila ubao wa pili wa kukalia ukapasuka nilipoupiga msumari. (Sikutoboa kwanza. Nyamazeni.) Leo nikaamka na hasira za kazi. Mama alisema atafika saa saba, nami niliapa atakuta benchi limesimama. Nikavaa fulana, nikafunga nywele, nikavaa miwani, nikavaa kaptula ya kuchezea mpira ya mume wangu, ile niliyoichukua wiki jana bila kumwambia. Hapo nilikuwa sawasawa, hata nyinyi mngenipigia makofi.

Halafu wazo likanijia. Je, mama mkwe akifika mapema anikute na kaptula? Mke wa mwanawe, mapaja nje, jua la Voi likimulika? Hapana! Nikachukua leso nikajifunga juu ya kaptula, fundo juu ya fundo.

Baba Wakesho alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Akaniangalia.

"Si wewe ndiye unasemanga nguo ya kuning'inia hapana?"

"Hii haining'inii. Nimeifunga."

Akatema povu, akaingia ndani. Mtu mwenye busara angemsikiliza.

Safari hii nilitoboa kwanza. Nikapaka gundi juu ya miguu ya benchi, nikainama, nikalaza ubao mpya mahali pake. Klempu yangu ya kubania mbao imeazimwa na jirani, na ubao ulikuwa unacheza. Nikatumia klempu niliyozaliwa nayo: nikaukalia. Nikiwa nimekaa hapo hapo mwisho wa benchi, nikapiga misumari pembeni yangu, mmoja baada ya mwingine. Ko! Ko! Ko! Vichwa vikazama sawasawa na mbao. Nikajisemea, fundi wewe.

"Hodi!"

Mama mkwe! Saa nne! Anazunguka nyumba na mfuko wa maparachichi, anajipepea kwa kitambaa na kulaani joto la Voi.

Nikaruka nikampokee. Sikuruka. Kitu kikanirudisha chini.

Nikapeleka mkono pole pole nyuma. Nilipoinama kulaza ubao, pindo la leso lilikuwa limedondoka kwenye gundi. Ubao ukalifunika, nami nikaja juu yake na misumari yangu. Leso sasa ilikuwa sehemu ya benchi, na mimi nilikuwa sehemu ya leso. Ningefungua fundo? Chini kuna kaptula!

Nikakata shauri: siinuki. Hata nyumba ishike moto, siinuki.

"Shikamoo, mama," nikasema nikinyoosha mkono nikiwa nimekaa kama chifu.

Akauangalia ule mkono. Akaniangalia. "Marahaba," akasema kwa sauti ya mtu anayeweka jambo akiba. Akaweka maparachichi chini mwenyewe. Akakaa upande wa pili wa benchi, na benchi likanyamaza kimya, halikulia hata kidogo. Roho yangu ikafurahi, kisha ikakumbuka hali yangu.

"Niko na kiu," akasema. "Kuna chai?"

Wanawake wenzangu, mnaelewa. Mama mkwe ameshuka kutoka Mghange anaomba chai, nami sinyanyuki.

"Baba Wakesho!" nikaita. "Hebu mletee mama chai!"

Baba Wakesho akatokea mlangoni. "Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi niko na mama."

Nikamkonyeza. Nikakodoa macho nikielekeza kiunoni. Akanikazia macho, akasema, "Kuna vumbi limekuingia kwa jicho? Si nilikuambia uoshe uso." Mume wangu! Basi akaleta chai, kikombe kimoja, tena bila sukari. Mama akamwambia kitu kwa Kidawida, lugha yao, haraka haraka. Mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli kutoka magharibi, Kidawida changu ni cha sokoni, lakini nilishika "mke" na nilishika "mvivu". Niliumia. Mbao za mgrevilea nikaziona zikipakiwa kwenye lori la yule mfanyabiashara.

Lakini bado sikuinuka.

Kisha mama akaweka kikombe magotini. "Hatujamshukuru Mungu. Tusimame tuombe."

Kusimama! Kwao chai haipiti kooni kabla ya maombi, na maombi hayafanywi kwa kukaa. Mama akasimama, akafumba macho. Baba Wakesho akafumba. Nami nikainuka nusu, nimejikunja, leso imenivuta nyuma, mapaja yanatetemeka. Maombi ya mama ni marefu. Akaombea mvua. Akaombea wajukuu, ng'ombe, barabara ya Mghange. Akaombea "na huyu binti yetu, Bwana, ambaye amechoka sana mpaka hawezi kuinuka kutupa chai."

Miguu ikakataa. Nikasogea mbele kidogo kutafuta nafuu, na benchi likanifuata. Nikasogea tena. Likanifuata tena.

"Amina," mama akasema, akakaa.

Benchi halikuwepo.

Mama mkwe wangu akaenda chini mzima mzima, kikombe kikaruka, akatua kwenye lundo la maranda ambalo nilikuwa nimepanga kulifagia. (Ndiyo, najua. Sakafu safi ni usalama. Niliwaandikia mimi mwenyewe.) Nikapiga kelele, nikamrukia nimwinue. Kraaa! Leso ikachanika kiunoni, ikabaki kwenye benchi. Nikajikuta nimesimama mbele ya mama wa mume wangu na kaptula ya mpira, namba kumi imeandikwa pajani.

"Kumbe uko nayo wewe!" akasema Baba Wakesho. "Nimeitafuta wiki nzima!"

Mama alikuwa amekaa kwenye maranda, mengine yamening'inia kwenye kilemba. Akaiangalia kaptula. Akaiangalia leso. Akainama akachungulia chini ya ubao.

"Ulijipigilia?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo hukuninyima chai."

"Siwezi, mama. Nilikuwa nimefungwa."

Akacheka! Akacheka mpaka akakohoa, akashika tumbo, akampiga mwanawe begani kama yeye ndiye aliyekosea. Nami nikalia, kusema kweli, kwa aibu na kwa kuwa hajaumia. Kisha akainuka, akakanyaga benchi kwa mguu mmoja, akaishika leso kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyepanda na kushuka milima maisha yake yote. Leso ikachanika tena. Ubao haukusogea. Akakaa. Akajitikisa huku na huku, akajirusha. Hakuna kitu kililia.

"Nilitaka niinuke salama," akasema. "Sikuinuka salama. Lakini kosa si la benchi." Akafuta machozi ya kicheko. "Mbao ni zako. Yule mtu nitamwambia atafute kwingine."

Nilimkumbatia na kaptula yangu hivyo hivyo.

"Ila," akasema akinitoa shingoni kwake, "mtu anajigongomea misumari mwenyewe siwezi kumwachia mbao zangu bila mtu wa kumwangalia. Nakaa hapa mpaka niridhike." Ameshapiga simu Mghange aletewe nguo zake. Kule kwa baridi hana haraka ya kurudi.

Basi wenzangu, anayetaka kucheka acheke kimya kimya, halafu afute ujumbe huu, kwa sababu mama mkwe ameniuliza sasa hivi hapa mlangoni mtu hujiunga vipi na hili kundi.