Foleni ya Ndoo kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mkubwa wa ofisi ya maji kanikabidhi mtaa wangu mwenyewe! Kazi: kuwashawishi watu waachane na visima, wavutiwe bomba la maji ya mto yatokayo mbali. Visima vinakauka, vilivyobaki vinazidi chumvi. Nikishindwa, narudi kusoma mita na kukimbizwa na mbwa.

Kikwazo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Ana kisima uani, na mtaa mzima unapanga foleni ya ndoo kwake. Shikamoo zote kwake! Hata mke wangu anakwenda. Ati maji ya kaka yake yanaifanya chai iwe chai. Akataka kunieleza jambo kuhusu ule ua. Nimemwambia asinitajie ua wa mtu humu ndani. Wivu? Ndiyo, wivu. Nani atasoma?

Jumanne, 4 Machi
Nimegawa vipeperushi nyumba kwa nyumba. Mshonaji jirani kachukua rundo zima, nikafurahi. Jioni namkuta akivikata kuwa vigezo vya kola za mashati. Wengine wote wameniuliza shemeji anasemaje. Shemeji, shemeji! Nani mwenye kofia ya ofisi hapa?

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali! Jumamosi kuna mkutano, mkubwa atakuwepo. Nitaweka mapipa mawili, la mto na la kisima, watu waonje wenyewe. Nimemwomba shemeji anijazie pipa. Kakubali papo hapo, kasema ana jambo la kunifurahisha siku hiyo. Hata ubaya hana mtu huyu. Inaudhi sana.

Ijumaa, 7 Machi
Pipa limefika, kalisukuma mwenyewe kwa mkokoteni. Alipoondoka tu, nikalitia chumvi. Mfuko mzima, kutoka kwa mama wa duka. Si uongo. Visima vina chumvi, nami nimeusaidia ukweli.

Jumamosi, 8 Machi
Ole wangu.

Watu wameonja pipa la shemeji, wakatema. Mkubwa katema juu ya viatu vyake. Nikapaza sauti: mmeona maji ya kisima? Ndipo shemeji akasimama, mnyonge, akasema kisima chake kilikauka zamani. Ofisi yetu ilimvutia bomba, akalielekeza humo kisimani, na foleni yote ile huteka maji ya mto! Hata pipa lile kalijaza bombani. Alitaka kunishangaza mbele ya mkubwa, anipigie debe.

Mtaa ukalipuka: kumbe maji ya mto ni chumvi tupu! Mama wa duka akanitazama, akauliza kwa sauti kama ule mfuko wa jana nimeumaliza. Mke wangu kajifunika uso kwa khanga. Anasema bomba la kaka yake ndilo jambo alilotaka kunieleza Jumatatu.

Watu wote wamejiandikisha kuvutiwa bomba. Kwa shemeji! Mkubwa kampa yeye kampeni, na kofia yangu.

Jumatano, 19 Machi
Nasoma mita. Mbwa wa mshonaji ananikumbuka vizuri. Kila nyumba ina bomba, na shemeji kakifukia kisima chake. Nimekaa nikawaza. Basi mtaa mzima sasa hauna kisima hata kimoja! Pengo hilo ni la nani kama si langu?

Jumapili, 23 Machi
Nimeazima sululu, nimeanza kuchimba mbele ya nyumba, kando ya barabara, foleni ipate nafasi. Mke wangu kaniuliza kama nimerogwa. Nikazidi kuchimba. Sijafika hata kiunoni, sululu ikagonga kitu kigumu. Jiwe, nikajua. Nikatia nguvu.

Maji! Yameruka hadi juu ya paa! Nimeonja: matamu, hayana chembe ya chumvi. Wasomi wanasema maji ya chini yameisha. Waje waone!

Mtaa unapiga kelele ati mabomba yote yamekauka ghafla. Nilisema mimi, maji ya mto hayana uhakika. Wanakuja mbio na ndoo, na wa kwanza kwenye foleni ni shemeji. Nimemwambia asubiri zamu yake.