Sindano za Magoti Zafika Kafr Shalabi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, waheshimiwa madiwani, Sheikh wetu na Padri wetu, mnaogombea feni moja, Mkuu wa Idara ya Maji, mama mkwe wangu, na ninyi wananchi wa Kafr Shalabi, mnaoweza kusimama na msioweza! (Makofi. Wengi hawasimami.)

Mimi, Daktari Bahgat Dib, Mkurugenzi wa Afya wa wilaya hii, ambaye udaktari wangu ni wa utawala wala si wa tiba, nina furaha isiyo kifani kuzindua Mpango Mkakati Jumuishi wa Sindano za Magoti, kwani utafiti shirikishi wa ofisi yangu umebaini kuwa asilimia tisini ya wazee wetu wanaumwa goti la kulia, na asilimia sitini la kushoto. (Sauti: "Hiyo mia na hamsini, Pasha!") Naam, ndugu yangu, kwa sababu Mungu katupa magoti mawili!

Gegedu ikilika, mfupa husuguana na mfupa, mtu akapiga kelele kama mlango wa ghala. Ndipo sindano huingizwa ndani ya kiungo chenyewe, na maumivu yakatulia kwa miezi kadhaa. (Muuguzi Safinaz, kutoka nyuma: "Ni ile ya kutuliza uvimbe au ya kuongeza ute?") Zote, binti yangu, katika mfumo fungamanishi! (Vigelegele.)

Na mnufaika wetu wa kwanza ni Hajati Nafusa, muuza fatiri, ile mikate ya matabaka ya siagi, wa sokoni. Mpandisheni jukwaani! (Wanaume wanne wanambeba na kiti chake.) Hajati, waambie wananchi.

(Nafusa: "Niwaambie nini, mwanangu? Binti yangu kajifungua, yuko ghorofa ya nne, na lifti ni shimo tupu. Mjukuu namwona akiinuliwa dirishani kama zulia linalokung'utwa. Nichome sindano nikambebe." Mama mkwe wa Mkurugenzi anajifuta machozi.)

Mmesikia! Huo ndio ushahidi wa mafanikio yangu! Semeni nami: Goti imara! ("Wilaya imara!") Dib juu! (Sauti chache.) Dib juu zaidi!

Kabla hatujatawanyika, nitoe shukrani za dhati kwa ukumbi wa harusi kwa kutuazima kitanda na mapazia haya, yanayotakiwa kurudishwa kabla ya alasiri. Kwa mwalimu wa kemia aliyekubali kuvaa koti jeupe. Na kwa daktari wa mifugo, ambaye bomba lake la sindano, ingawa ni la nyati wa kufugwa, limependeza sana pichani. Sindano zenyewe zitafuata mara bajeti itakapobuniwa. Asanteni, na magoti mema!

(Nafusa: "Pasha, ngoja. Sindano haipo?")

Ipo kimpango, Hajati.

("Na magoti yako wewe, mazima?")

Mazima kabisa, alhamdulillahi.

("Basi chuchumaa, nipande mgongoni." Umati unasimama wote, hata waliokuwa hawawezi.)

Jamani, walinzi... mama mkwe, usimsukume kwangu! Haya, taratibu, Hajati, usinivute sikio. Umesema ghorofa ya pili?

("Ya nne, mwanangu. Twende, mtoto asije akalala.")