Kiwanja Namba Kumi na Saba, Mtandaoni

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba zoezi la kuwahamishia mtandaoni wafanyabiashara wote wa vibanda vya ukutani lilikamilika kwa asilimia mia moja, kwa wakati, na bila mtu hata mmoja kupoteza maisha. Nasema hivi kwa sababu mitaani kuna maneno. Mimi nilikuwa Katibu wa Kamati, mihtasari yote niliiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo anayetaka ukweli aniulize mimi, asiwaulize wenye vibanda.

Vibanda vilikuwa arobaini na kimoja, vimeegemea ukuta wa Idara yetu upande wa barabarani. Walikuwepo vinyozi, mafundi viatu, wauza vocha, mafundi cherehani na wengine wa namna hiyo. Mkurugenzi wetu, kwa upande wake, alikuwa na tatizo zito la kitaifa: gari lake lilikosa kivuli. Kila akitoka kazini, kiti kinamuunguza, na kiongozi aliyeungua hawezi kupanga maendeleo akiwa ametulia.

Siku moja alirudi kutoka kwenye semina ya siku mbili kuhusu biashara za mtandaoni, ambayo siku ya kwanza aliihudhuria. Akatuita, akafunga mlango.

"Ndugu zangu," akasema, "huko mtandaoni kuna nafasi ambayo haijawahi kujaa tangu iumbwe. Kwa nini watu wabanane ukutani kwangu?"

Tulipiga makofi. Afisa Ardhi akauliza swali la msingi: "Mkuu, hiyo nafasi imeshapimwa?"

Haikuwa imepimwa. Ikaundwa kamati ndogo, ikaupima mtandao kwa siku kumi na nne, ikauchora kwenye karatasi kubwa kwa penseli na rula. Vinyozi walipangwa kushoto, mafundi kulia, na katikati tukaacha eneo la wazi kwa matumizi ya baadaye. Kila mwenye kibanda akaandaliwa barua ya kupewa kiwanja mtandaoni, yenye namba, ukubwa na muhuri.

Siku ya kugawa barua ukumbi ulijaa. Kinyozi mmoja akasimama. "Mkuu, mimi nashukuru. Lakini kichwa cha mtu nitakinyoaje mtandaoni?"

"Hilo ni swali la kiutekelezaji," Mkurugenzi alimjibu. "Litashughulikiwa awamu ya pili."

Kinyozi mwingine naye akasimama na kulalamika kwamba wote wawili wamepewa kiwanja namba kumi na saba. Afisa Ardhi akawataka walete mashahidi wanaojua mipaka ya zamani. Kikao kilikuwa kinakwenda vizuri kabisa, mpaka aliponyanyua mkono fundi cherehani mmoja tuliyemwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye hakuna aliyewahi kuliona likifumuka.

"Barua yangu nimeisoma mara mbili," alisema. "Nimepewa namba ishirini na tisa. Sasa mteja atanifikia kwa njia gani?"

"Barabara ziko kwenye bajeti ijayo, mama," Mkurugenzi alimjibu.

"Na mpaka bajeti ijayo wanangu wale muhuri? Baba yao alishakufa. Nimebaki na watoto watatu na cherehani. Miaka kumi na sita nimekaa pale ukutani, mteja ananijua kwa mahali nilipo. Akija akakuta gari, anakwenda kwa fundi mwingine, na mimi ndiyo basi tena." Akaketi, akajifuta macho kwa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake.

Kwenye muhtasari niliandika: "Mjumbe mmoja alionyesha hisia." Mkurugenzi akafunga kikao kwa kueleza kwamba Idara haina roho mbaya. Kutakuwa na mafunzo ya wiki tatu ya kublogu na kutafuta masoko, na baada ya siku tisini Waziri mwenyewe atakuja kuona matunda.

Mkufunzi nilichaguliwa mimi, kwa kuwa ni mimi pekee idarani niliyewahi kuambatisha waraka kwenye barua pepe na ukafika. Intaneti haikupatikana, maana neno la siri alikuwa nalo mtunza stoo na mtunza stoo alikuwa likizo, lakini ubao na chaki vilikuwepo. Wiki ya kwanza tulisoma maana ya blogu na chimbuko lake. Wiki ya pili tulisoma uhifadhi wa majalada ya blogu. Suala la matangazo nililimaliza kwa dakika tano, kwa sababu wahenga walishalimaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo anayejitangaza amekiri mwenyewe kwamba bidhaa yake ni mbovu.

"Sasa mwalimu," akauliza Mama Pindo, "mbona mlangoni kwenu kuna kibao kikubwa cha Idara?"

Darasa lilicheka. Nilimpa onyo la mdomo, kwa maandishi.

Mtihani ulikuwa kuandika makala ya kwanza ya blogu. Niliwapa mfano ubaoni: kumbukumbu namba, tarehe, kisha "Yah: Taarifa ya Uwepo wa Huduma", kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwisho nakala kwa Mkurugenzi. Watu arobaini walifuata. Mama Pindo yeye aliandika hivi:

"Zipu ya sketi yako imekwama? Usiivute, utaing'oa meno. Chukua penseli, isugue kwenye meno ya zipu pande zote mbili. Ishushe kidogo, halafu ipandishe taratibu. Ikikataa, niandikie nikuelekeze. Mimi ni fundi, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na sita."

Nilimpa kumi na nne kwa mia. Hapakuwa na kumbukumbu namba, hapakuwa na nakala kwa yeyote, na kubwa zaidi, alikuwa anatoa siri za biashara bure.

"Mama, ukishawaambia watu namna ya kutengeneza zipu, nani atakuletea zipu?"

"Mkono mtupu haulambwi, mwalimu," alinijibu, akakunja karatasi yake. Wale arobaini walipata vyeti, yeye akatoka bila cheti.

Jumatatu iliyofuata vibanda vilibomolewa. Cherehani ya Mama Pindo ilipakiwa kwenye mkokoteni ikapelekwa barazani kwa dada yake, mitaa minne kutoka pale. Kufikia saa nne asubuhi gari la Mkurugenzi lilikuwa kivulini, na idara nzima tulikwenda kulitazama.

Miezi miwili ikapita kwa amani. Kisha jioni moja nimetoka kazini, mke wangu akanisimamisha sebuleni.

"Baba watoto, nyoosha mguu."

"Unafanya nini?"

"Nakupima. Mama Pindo ameandika kwenye blogu yake jinsi ya kumpima mtu nyumbani kama huna tepu. Unachukua uzi, unafunga fundo kiunoni, fundo kwenye goti, fundo kwenye kifundo cha mguu, halafu unaulaza kwenye rula. Nikimaliza namtumia vipimo."

"Yule mama alifeli."

"Alifeli, eh? Suruali yako ya kazini mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Na wewe uliyemfelisha ndiye unayeivaa. Simama wima!"

Nililazimika kufanya uchunguzi rasmi. Nilisoma makala zake kumi na tisa, uchunguzi ukanichukua Jumamosi nzima, na katika kuchunguza nikajikuta nimeshona vifungo viwili vya shati. Mwisho wa kila makala mama huyu aliuliza: "Nini kinakusumbua kwenye nguo zako?" Watu wakamwambia. Kola imekunjamana, mtoto anakua haraka, nimenenepa na harusi ni mwezi ujao. Wiki inayofuata analijibu hilohilo. Aliyetaka aliacha anwani yake ya barua pepe, na kila Ijumaa anapata barua fupi: ujuzi mmoja wa bure, na chini kabisa kitu kimoja tu cha kununua. Alikuwa na watu elfu nne kwenye orodha hiyo. Moyo uliniuma, sitaki kuficha. Mimi wiki tatu nilizofundisha, hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali nikalijibu.

Ikabaki wiki moja Waziri aje. Taarifa yetu ilishachapwa: waliohamishwa arobaini na mmoja, utekelezaji asilimia mia. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha. Fundi viatu mmoja alikuwa amekwenda kuishi kwa wakwe. Vinyozi wawili wa namba kumi na saba walikuwa bado wana kesi ya mpaka, na huku wananyoa watu kwenye uchochoro mmoja kwa kiti kimoja, kwa zamu.

"Kamlete yule mama," Mkurugenzi aliniagiza. "Mpe cheti. Andika tarehe ya nyuma."

Nilimkuta barazani, yeye na wanawake wawili aliowaajiri, vitambaa vimejaa mpaka dirishani. Wateja watano walikuwa kwenye benchi.

"Karibu mwalimu. Jiandikishe kwenye daftari hapo."

"Mama, mimi nimetumwa na Mkurugenzi."

"Na hawa wametumwa na harusi. Kaa."

Nilikaa. Zamu yangu ilipofika nilimpa cheti. Alikitazama, akakiweka kando. "Nitakuja," alisema. "Ila nitasema ya kwangu, si ya kwenye karatasi yenu."

Siku yenyewe Mkurugenzi alisoma taarifa kwa dakika hamsini. Waziri, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, alisikiliza bila kusinzia, jambo ambalo lilitutia wasiwasi. Kisha akamwita Mama Pindo mbele.

"Mama, biashara hii ya mtandaoni alikufundisha nani?"

"Mwalimu wangu ni huyu hapa, Mheshimiwa. Alinipa kumi na nne kwa mia. Nikayachukua yale yote aliyoniambia nimekosea, nikaenda kuyafanya."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Na kiwanja ulichopewa huko mtandaoni, kinakusaidia?"

"Sana! Barua yake ni ya karatasi ngumu. Nimeikata umbo la kola, naiweka juu ya kitambaa, nakata kufuata ukingo. Kola zangu zote zinatoka sawa."

"Sasa hivi unakwama wapi?"

Hapo akaacha utani. "Chumba, Mheshimiwa. Nina kazi za watu na nina wenzangu wawili wanaonitegemea. Mvua ikinyesha pale barazani tunakimbia na vitambaa kichwani. Wiki jana gauni la bibi harusi lililowa, nililia kama mtoto. Nilipokuwa ukutani hapa sikuwahi kulowesha nguo ya mtu."

Waziri akatikisa kichwa, akamgeukia Mkurugenzi. "Kazi ya Idara hii ni ipi hasa?"

"Kuwahamishia wafanyabiashara mtandaoni, Mheshimiwa."

"Na imekamilika kwa asilimia ngapi?"

Nawaambieni, moyoni niliomba aseme arobaini. Hata sitini. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Mia moja, Mheshimiwa!" alisema Mkurugenzi, kifua mbele.

"Hongereni sana," Waziri akasema. "Ni ofisi chache zinazomaliza kazi. Basi hakuna kilichobaki." Akautazama ukumbi, taa zake, madirisha yake, soketi zake za umeme ukutani. "Mama, hapa panakutosha?"

Ndani ya wiki mbili Idara ilifungwa kwa pongezi. Mama Pindo akahamia ukumbini na cherehani sita, vinyozi wawili akawapa chumba cha Afisa Ardhi, na sisi watumishi arobaini na wawili tukaambiwa tukasubiri nyumbani barua za kupangiwa vituo vipya.

Nilisubiri mwezi mzima. Mke wangu akachoka kuniona sebuleni, akanifukuza niende kwa Mama Pindo, ambaye kila Jumamosi hufundisha watu kublogu, kwa simu zao, intaneti ikiwepo. Nilikaa nyuma. Haikusaidia.

"Mwalimu," aliniita mbele za watu, "unajua nini ambacho mtu akikisoma leo kitamfaa kesho asubuhi?"

"Najua kuandika muhtasari."

"Anauhitaji nani?"

Miaka ishirini na miwili nimeandika mihtasari, na sikumkumbuka hata mtu mmoja aliyewahi kuiomba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nadhani aliliona hilo, kwa sababu alivuta kiti akakaa karibu, akashusha sauti.

"Watu waliokuwa wanakuja pale mlangoni kwako, walikuwa wanalilia nini?"

"Majalada yao. Tukiwaambia yamepotea."

"Na yalikuwa yamepotea?"

"Hapana, mama. Tulikuwa tunajua yalipo. Tulikuwa tunasubiri mtu achoke."

Wanafunzi wote waligeuka kunitazama. Mama Pindo akanisukumia simu yangu. "Basi andika hilo," alisema.

Niliandika. "Jalada lako halijapotea: mahali saba pa kulitafuta." Niliandika kila kitu: kabati la pili la masjala, chini ya birika, mtoto wa meza wa karani aliye likizo, yote. Sikuweka kumbukumbu namba. Wiki ya kwanza wakasoma watu elfu tisa. Waliniandikia wajane, wastaafu, walimu wa vijijini. Wengine waliniandikia kunishukuru, wengine kunitukana, na wa kunitukana niliwajibu kwanza kwa sababu walikuwa na haki.

Juzi nimepokea barua ndefu kutoka kwa mtu ambaye hakujitaja. Alianza kwa kunitaka nihusike na kichwa cha habari hapo juu. Anasema anafuatilia barua yake ya kituo kipya, huu mwezi wa tatu. Kila siku anakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, karani anamwambia jalada halionekani, na akiwaeleza kwamba yeye aliwahi kuwa Mkurugenzi ndiyo kabisa hawamwangalii. Je, afanyeje?

Nilimjibu kama ninavyowajibu wengine wote. Aangalie mahali pa nne kwenye orodha yangu. Afike kabla karani hajaenda chai, asalimie, na hicho cheo asikitaje tena, maana majalada ya waliowahi kuwa wakubwa tulikuwa tunayaweka chini kabisa.

Hajarudisha jibu bado. Nimemwongeza kwenye orodha ya barua za Ijumaa.