Kipkemei Aondolewe Nyuma ya Goli Langu

Kinu cha Unga,
Nakuru.
Jumatatu, 16 Juni 1958.

Bwana Mhariri,

Nakuamkia wewe pamoja na yeyote anayekusaidia kufungua bahasha, na naomba nafasi katika gazeti lako, hata ile inayobaki chini ya tangazo la sabuni. Mimi ni Khisa, mpakia magunia katika kinu cha unga hapa Nakuru, na kila Jumapili ni golikipa wa timu ya kinu. Sina ugomvi na mtu. Naomba tu kwamba Jonah Kipkemei, mtangazaji wa mpira wa hapa kwetu, azuiwe kusema.

Kwa wasomaji wasiomjua, Kipkemei alianza kazi akiwa dalali kwenye mnada wa ng'ombe kule Molo. Hakudumu, maana alikuwa akitangaza ng'ombe pamoja na kasoro zake zote. Siku moja alitangaza kwamba ng'ombe wa mjomba wake mwenyewe hupiga teke akikamuliwa. Ng'ombe akarudi nyumbani na mjomba, na Kipkemei akaambiwa atafute kazi nyingine. Kamati ya mpira ikampa kipaza sauti. Siku hizi kuna watu wanaotoka Bahati na Subukia kwa miguu, si kututazama sisi tunaotoka jasho, bali kumsikiliza yeye aliyekaa kwenye kiti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hajasahau mnada. Tukiingia uwanjani hututangaza mmoja mmoja kama mafahali. Mimi husemwa hivi: "Golikipa ya kinu, Khisa, mtoto ya Nabwera, mtu ya Kimilili, miaka ishirini na saba, kifua mzuri, meno yote iko!" Hilo la meno nimelivumilia. Lakini goli likiingia hurudia jina la baba yangu na la kwetu, ili watu wajue hasara imetoka wapi. Wapakiaji wa malori wa Molo walipotufunga saba, marehemu Nabwera alitajwa mara saba mbele ya umati. Mzee huyo alifariki bila kuugusa mpira hata kwa kidole, na sijui amekosa nini.

2. Pembe ya kipaza sauti imefungwa kwenye mlingoti nyuma ya goli langu, kwa kuwa waya haufiki upande wa pili. Kipkemei hapendi kungoja jambo litokee, hulisema mapema. Tulipopigiwa penalti na Subukia alisema, "Huyu naangalia kulia, lakini mimi najua yeye, tapiga kushoto!" Sauti ikanipiga kisogoni, nami nikaruka kushoto kwa utii wote. Mpira ukapita kulia. Bwana Mhariri, mimi ni mtu niliyelelewa kusikiliza wakubwa, na mpira haukulelewa hivyo.

3. Nikidaka, hasemi. Siku hiyo hiyo ya Subukia nilidaka mipira minne kipindi cha kwanza. Nilipodaka wa kwanza, alikuwa akitangaza mwavuli uliopotea. Wa pili alikuwa akitangaza kwamba mke wa fundi cherehani ameshuka kwenye treni na anamngoja stesheni na mtoto. Wa tatu alikuwa akinywa chai. Wa nne aliuona, nami nilimwona akiuona, lakini akaanza kumsifu aliyeupiga.

4. Hapa sasa nakuomba usome polepole, maana ndipo roho yangu ilipo. Nataka kumwoa Truphosa, binti wa Mzee Walubengo, aliyekuwa mchochea moto wa gari moshi hadi ugonjwa ulipompofusha. Truphosa amekubali. Mama yake amekubali. Anayebaki ni Mzee, naye hutoka nyumbani kwake kila Jumapili, fimbo mkononi, huja kukaa chini ya ile pembe, kwa sababu Kipkemei ndiye macho yake. Basi mtu ninayetaka aniite mwanawe anayajua magoli yangu yote, na hajui hata mpira mmoja niliodaka. Wazee wa kwetu walipokwenda kuniombea, aliwasikiliza kwa adabu, akamimina chai, kisha akawajibu, "Mlango yake watu naingia mara saba siku moja, na mchana. Mimi tampa yeye mtoto yangu alinde namna gani?" Wazee wakanywa chai wakarudi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

5. Kiburi chake kimevuka mpaka. Amepata ukurasa wa gazeti la Kizungu uliofungiwa nyama, wenye picha ya mtu wa Meksiko ambaye kazi yake ni kutangaza michezo ndani ya sanduku linaloonyesha picha. Kipkemei amesomewa maneno yake na mwalimu, na sasa anajua maisha yote ya mtu yule: kwamba alianza kwenye ndondi, akapandishwa hadi mpira, na kwamba huko kwao watu humsimamisha njiani wamshike mkono huku wachezaji wakipita bila kusalimiwa. Kipkemei ameanza kupaka nywele mafuta kama yule bwana. Namwuliza, nani atakuona nywele ndani ya pembe?

Tena tuko katika Hali ya Hatari. Sisi wengine hatuwezi kukusanyika bila kibali, hata kwa sherehe ya mtoto. Lakini mdomo wa mtu mmoja unakusanya watu elfu mbili kila Jumapili, na hakuna askari aliyeuuliza uko na karatasi gani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, iwe amri kwamba tukifungwa goli litangazwe bila jina la mtu, kama inavyotangazwa mvua. Pili, pembe ihamishiwe nyuma ya goli la wageni, hata kama kinu chote kitachangia kununua waya. Tatu, hayo mawili yakishindikana, Serikali imsafirishe Kipkemei hadi Meksiko akamsaidie mwenzake. Nimemwomba mwalimu anionyeshe nchi hiyo kwenye ramani, na nimeridhika na umbali wake.

Wasalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti, na jamaa zako wote, hata wale wanaoshangilia timu ya Molo.

Wako mtiifu katika haki,
Khisa Nabwera, golikipa.

Nyongeza, Jumatatu, 30 Juni.

Barua hii ilibaki mfukoni, maana karani anayenisahihishia alikuwa likizo. Katika muda huo Kipkemei amechukuliwa Nairobi kufundishwa kazi ya redio, na pembe imeshushwa.

Jana tulicheza na Molo. Dakika za mwisho wakapewa penalti. Nyuma yangu kulikuwa kimya, hakuna aliyeniambia niende wapi. Nikabaki na akili yangu, nikaruka kulia, nikaudaka mpira kifuani. Uwanja mzima ulipiga kelele. Mzee Walubengo, aliyekaa pale pale chini ya mlingoti, aliposikia kelele alidhani tumefungwa, akainuka na fimbo yake akaanza kwenda.

Nilimkimbilia na mpira mkononi. Nilimwambia nimedaka, nikamshikisha mpira auguse. Akaupapasa vizuri, akanirudishia. Wenzangu wa kinu wakaapa mbele yake. Akasema, "Nyinyi nafanya kazi pamoja, lazima tasema hivyo. Yule dalali alisema mbaya ya ng'ombe ya mjomba yake. Mimi nangoja yeye aseme."

Bwana Mhariri, usiichape barua hii. Wewe una marafiki huko redioni. Waombe wamrudishe Kipkemei Jumapili moja tu, na ile pembe ifungwe hata masikioni mwangu. Fanya haraka, tafadhali, kwa sababu kuna mwalimu mmoja kutoka Bahati ambaye ameanza kumtembelea Mzee jioni, na mwalimu huyo hajacheza mpira maisha yake yote.