Wiki ya Toleo la Kitaalamu

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi amesafiri! Amekwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, mwenye siku tisa duniani. Atarudi Jumamosi. Kabla ya kuondoka ametuweka kitako mimi na Daftari hapa kwenye duka lake la uchapaji na fotokopi, akasema akirudi atatangaza nani atakuwa meneja wa tawi jipya la karibu na hospitali. Meneja! Kiti cha kuzunguka! Mlango wenye kitasa chake!

Daftari ndiye mpiga chapa wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu daftari lake haliachi hata akienda kunawa mikono. Anaandika kila kitu: wino umebadilishwa lini, printa imekwama mara ngapi. Mimi siandiki (shajara haihesabiki). Mimi nafikiri.

Shangazi ameacha agizo moja tu: kompyuta kubwa ni ya kazi za wateja, tusiichokonoe. Sawa. Kusafisha si kuchokonoa. Nimeifuta mpaka inang'aa kama sufuria jipya. Nyuma yake nimekuta stika kuukuu, imepauka, imejaa herufi na tarakimu zilizofuatana ovyo ovyo. Uchafu mtupu. Nimeibandua kwa kucha. Ikaning'ang'ania kidoleni, nikaikung'uta huko chini. Daftari amenitazama kwa jicho la pembeni. Amefungua kurasa za nyuma za daftari lake, amelifunga. Wivu.

Jumanne, 4 Machi

Ugunduzi! Nilikuwa natafuta namna ya kukuza maandishi, nikaangukia ukurasa unaoeleza habari za kompyuta yenyewe. Mfumo wetu unaitwa Toleo la Nyumbani. La nyumbani! Sisi ni ofisi! Tunachapa barua za mawakili, tunachapa kadi za harusi, kumbe miaka yote hii tunatumia mfumo wa watu waliojilaza kwenye makochi.

Lipo Toleo la Kitaalamu. Nimeingia mtandaoni, na dakika kumi hazikufika nikapata ukurasa unaogawa ufunguo wake bure. Herufi na tarakimu ishirini na tano. Nimeingiza moja moja, kijasho chembamba kikinitoka. Kompyuta ikafikiri. Ikajizima. Ikajiwasha. Toleo la Kitaalamu! Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye rafu ya karatasi. Sikusikia maumivu, au niliyasikia baadaye.

Nimechapa tangazo, nimelipiga laminesheni, nimelibandika mlangoni kwa nje: OFISI HII SASA INATUMIA TOLEO LA KITAALAMU. Mteja mmoja ameuliza kama bei itapanda. Nimemjibu kuwa bei ni ile ile, kilichopanda ni heshima.

Daftari ameuliza kwa upole kama Shangazi ana habari. Nimemwambia itakuwa zawadi ya kumpokelea.

Jumatano, 5 Machi

Kuna maandishi kwenye pembe ya chini ya skrini. Ya kijivu. Yanasema mfumo haujaamilishwa, yaani haujaidhinishwa. Nimeyafuta kwa kitambaa. Hayafutiki. Nimezima kompyuta na kuiwasha mara sita. Yapo pale pale, yananikodolea macho.

Nimemwambia Daftari ni pambo la kitaalamu. Ameandika.

Saa nne Shangazi amepiga simu, furaha imemjaa mpaka anaongea na kulia pamoja. Ametuma picha ya mjukuu. Anataka akirudi aikute imejaa skrini nzima ya kompyuta kubwa, kila mteja aione. Nimemwambia hilo dogo sana.

Si dogo. Mfumo umekataa. Ati nani kaniruhusu kubadilisha picha na sijaamilisha? Lakini mimi mtu wa mipango! Nimechapa picha ya mjukuu kwenye karatasi nzuri, nimeikata, nimeibandika kwa gundi pembeni mwa skrini, juu ya yale maandishi. Ndege wawili kwa jiwe moja! Tatizo ni kwamba saa ya kompyuta nayo iko nyuma ya mtoto. Pia kishale kikiingia huko hakionekani mpaka kitokee upande wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta, mtaa wa pili, kumuuliza kwa niaba ya rafiki yangu. Fundi amesikiliza, akaguna, akasema huyo rafiki yangu ana kichwa kigumu. Ule ufunguo wa bure kazi yake ni kubadilisha toleo tu, kwa mtu mwenye leseni yake tayari. Haufungui kitu. Na kutoka Kitaalamu kurudi Nyumbani hakuna njia ya mkato: unahifadhi kazi za wateja kwenye flashi, unafuta kila kitu, unapiga mfumo upya. Halafu unaingiza ufunguo wa asili, ulionunuliwa na kompyuta.

Nikauliza huo ufunguo hukaa wapi. Akasema kwenye stika, nyuma ya mashine.

Damu imenikauka.

Nimerudi mbio kandambili zikinipiga visigino. Nimepekua pipa la taka. Nimepekua ufagio, unywele kwa unywele. Nimetambaa chini ya meza mteja akisubiri, nikamwambia napima sakafu. Hakuna. Daftari ameuliza kama nimepoteza kitu. Nimuombe msaada yeye? Ili Jumamosi awe na la kusema? Labda nife kwanza.

Jioni nimefika nyumbani, nimevua kandambili mlangoni. Macho yamenitoka pima. Stika! Chini ya kandambili ya kulia! Siku nne nimetembea juu yake. Nimeipeleka sokoni, kinyozi na chooni. Nimesimama nayo mbele ya fundi akinieleza umuhimu wake!

Nimeibusu. Nimejuta, lakini baada ya kubusu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amekuja asubuhi. Amehifadhi kazi zote, amefuta, ameanza kupiga mfumo upya. Ameniuliza kama ufunguo upo na unasomeka. Nimejipiga kifua: upo na unasomeka! Akaaga, ana mteja mwingine.

Unasomeka herufi kumi na nne. Zilizobaki zimeliwa na barabara. Nimeweka kandambili mezani karibu na kibodi nikaanza kukisia. Hii ni B au ni nane? Hii ni M au ni kokoto? Mashine imekataa mara ishirini na moja. Mteja wa kadi za harusi ameingia, ameitazama kandambili, ameuliza kama siku hizi tunashona na viatu. Kadi zake anazitaka kesho.

Shangazi amepiga. Anafika kesho asubuhi. Ameuliza hali ya kompyuta. Nimemwambia inang'aa. Hapo sikudanganya.

Maji yamenifika shingoni. Nimeinamisha kichwa mezani, karibu nilie, kweli kabisa. Nimeuona umeneja unaondoka na kiti chake cha kuzunguka.

Na hapo hapo, bahati! Daftari amesema ana kiu, anakwenda kunywa chai. Akatoka. Na daftari akalisahau! Mezani kwangu! Limefunguka lenyewe, ukurasa wa nyuma kabisa, na kalamu imelala chini ya mstari: Ufunguo wa kompyuta kubwa. Herufi na tarakimu zote ishirini na tano, alizozinakili siku mashine ilipoletwa. Uzembe wa ajabu! Nimenakili, nimeingiza, imekubali! Toleo la Nyumbani, nyumbani kwetu kutamu! Nimecheza peke yangu na kandambili mkononi. Picha ya mjukuu imejaa skrini nzima, mpaka vishimo vya mashavu vinaonekana.

Daftari alikunywa chai saa nzima. Mvivu.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amefika. Ameiona picha, machozi yamemtoka, amenikumbatia. Nikaona wakati ndio huu. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba meneja hafai kuwa mtu anayeacha siri za ofisi wazi mezani, na kuna mtu hapa ameacha daftari wazi kwenye ufunguo wa kompyuta.

Shangazi ameniuliza mimi nilikuwa nautafutia nini ufunguo wa kompyuta.

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuifuta skrini. Akaniuliza lile tangazo la mlangoni maana yake nini. Tangazo! Nililisahau! Kisha akaichukua kandambili mezani, akaigeuza, akaisoma taratibu. Amecheka mpaka akatafuta kiti. Alipomaliza kucheka alikuwa hacheki kabisa.

Daftari ameulizwa anajua nini. Amesema yeye jana alikuwa na kiu tu.

Meneja ni Daftari. Mimi nitabaki hapa, upande wa mashine ya fotokopi, na kompyuta kubwa nisiisogelee hata kwa kivuli. Imeniuma. Nimekwenda kusimama nyuma ya duka.

Wakati wa kuondoka Daftari amenipa daftari jipya, la jalada gumu. Amesema, kabla ya kugusa kitu, niandike kwanza kilivyokuwa. Nimemshukuru kwa adabu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku njema! Meza ya fotokopi ilikuwa inayumba. Daftari jipya limeenea chini ya mguu wake barabara kabisa.

Mashine yenyewe si mbaya, ila chafu. Nimeifuta mpaka inang'aa. Ubavuni kulikuwa na stika moja kuukuu, tarakimu tupu, inaharibu sura.

Nimeibandua. Safari hii nimevua kandambili kwanza.