Sumu ya Kichaka cha Miyuji

Nasma Hanifu alikuwa ameenda Miyuji, pembezoni mwa mji wa Dodoma, kupeleka sare za kwaya alizoshona, akaona kitu ambacho mtu mwenye macho ya kawaida angekiita kichaka. Mvuti ulikuwa umetanda kiwanja kizima, maua yake mekundu na ya manjano yakichekelea ukame. Wengine waliona gugu lililoletwa na wakoloni kupamba bustani zao, ambalo uhuru ulipopatikana liligoma kuondoka nao. Nasma aliona nyumba tatu za kupangisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mwenye duka aliongeza duka, na serikali ilikuwa inahamia Dodoma. Ilikuwa inahamia tangu Nasma akiwa darasa la kwanza, kwa mwendo wa kinyonga mwenye mimba, lakini safari hii, watu walisema, inahamia kweli. Siku hiyo ikifika, kiwanja cha Miyuji kitakuwa dhahabu. Nasma alikuwa na cheti cha mifugo alichokisomea Mpwapwa, barua ya kupunguzwa kazi, na cherahani ya marehemu mama yake, ambayo tangu barua ile ndiyo iliyomlisha, barazani kwake Chang'ombe ya Dodoma. Kiwanja hakuwa nacho. Ulimi alikuwa nao.

Mwenye kichaka alikuwa Mzee Zablon, mstaafu wa ushirika, mtu aliyelinda ghala la karanga kwa uaminifu mpaka karanga zikaisha na ghala likabaki. Nasma alimkuta kwake, ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mpagazi wangu. Leo umebeba mzigo wa nani?"

Nasma hakukasirika. Babu yake Nasma alikuja na misafara kutoka Unyamwezi, akachoka Mpwapwa, akaoa hapo hapo. Zablon alikuwa Mgogo wa kuzaliwa Miyuji. Walikuwa watani. Mtani humtukana mtani wake, humchukulia kuku mchana kweupe, humchekesha msibani huku akimchimbia na kumsafishia kaburi, na hakuna baraza linalosikiliza kesi yao. Nasma aliupenda utani kuliko sheria yoyote ya nchi.

"Nimekuja kukuokoa, mla mlenda we. Kichaka chako kinaua."

"Kinamuua nani? Mimi mbona naishi?"

"Majani ya mvuti yana kemikali inaitwa lantadini. Mbuzi akiyala, ini linaharibika, akisimama juani ngozi inababuka. Halafu mmea wenyewe unatema sumu nyingine ardhini, mimea mingine isiote karibu. Umewahi kuona hata mchicha pale chini?"

Zablon akakiri hajawahi.

Yote hayo, ieleweke, yalikuwa kweli. Nasma hakuwa mwongo wa rejareja. Alidanganya kwa ukweli, akikamulia uongo kidogo mwishoni, kama ndimu kwenye mchuzi. Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba udongo ule umeshaoza kwa sumu, na atakayejenga juu yake atababuka kama mbuzi.

Kesho yake alirudi amevaa koti jeupe la mtumba, lililokuwa na jina la bucha fulani ya Ulaya kifuani. Akapanga glasi mbili juu ya stuli, akazimiminia maji mekundu kutoka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Hiki ni kipimo cha maabara."

Glasi ya kwanza aliitia udongo wa mlangoni kwa Zablon. Maji yakabaki mekundu. Ya pili akaitia udongo wa kichakani, pamoja na magadi aliyoyaficha kiganjani. Maji yakageuka mbele ya macho yao, yakawa ya kibuluu yenye weusi, kama jicho lililopigwa ngumi.

"Yesu wangu!" Tereza, mke wa Zablon, akashika kichwa.

Zablon aliinua glasi ya kwanza, akainusa kwa muda mrefu, akaishusha. "Sasa nani atakichukua kiwanja hiki?"

"Nani akichukue? Labda mimi, kwa kuwa nimesomea. Tena kwa ubinadamu tu. Nitakupa redio yangu."

"Redio tunayo," alisema Tereza. "Cherahani hatuna."

 Cherahani ile ndiyo ugali wa Nasma, ndiyo kodi yake, ndiyo sauti ya mama yake iliyobaki duniani. Akatazama ng'ambo ya barabara. Nyumba tatu zikamtazama, zimeezekwa bati jipya.

"Haya," alisema. "Cherahani."

Balozi Seth wa nyumba kumi akaitwa kushuhudia. Hapo Zablon akainua kidole.

"Sharti moja, mtani. Usichome moto. Kwa sumu uliyotuonyesha, moshi utamaliza mtaa. Ng'oa kwa mkono."

Nasma alifungua kinywa kubisha, akakumbuka kwamba daktari wa sumu hiyo ni yeye mwenyewe. Akakifunga.

Aling'oa. Miiba ilimchana, majani yakamwasha hadi shingoni, harufu yake ikamfuata kitandani. Zablon alikaa kivulini na kikombe cha togwa, akisimamia.

"Pale kona umeacha mzizi! Babu yako angebeba pembe mbili za ndovu bila kupumzika!"

"Subiri niwe na wapangaji, utakuja kuniomba kibarua!"

Alipofika katikati, jembe likagonga jiwe. Pembeni yake jiwe jingine, kisha mengine, yamepangwa kwa urefu wa mtu. Akafyeka mbele kidogo: safu nyingine, na nyingine. Mwisho ukatokea msalaba wa saruji: NIKODEMO, BABA WA ZABLON.

Aliposimama wima aliona watu wanavuka barabara. Ukoo mzima, na ngoma, na mbuzi, na balozi mbele.

"Mzee Zablon, haya ni makaburi!"

"Mazuri, eeh? Ukoo umenisema miaka mingi kwamba nimewaacha wazee porini. Vibarua nao wanataka hela, na miiba wanaiogopa. Balozi, kusafisha makaburi yetu ni kazi ya nani?"

"Ya mtani," alisema Balozi Seth. "Ila mtani anayelipa ili apewe kazi yake, huyo ndiye wa kwanza mimi kumwona."

Ukoo ukaangua kicheko.

"Kiwanja ni changu!"

"Ni chako," balozi alikubali. "Lakini makaburi hayajengwi."

"Na kile kipimo chako," Zablon aliongeza, "mtoto wa Dodoma nisijue juisi ya maua ya choya? Ile glasi nyekundu niliichuja udongo, nikainywa. Ilitaka sukari tu."

Nasma aliwatazama wote, mikono yake ikiwa imevimba. "Rudisha cherahani ya mama yangu. Na uniombe radhi hapa hapa, mbele ya watu."

Kutoka ng'ambo ya barabara mlio ulisikika, tr-r-r, tr-r-r, ukikwama na kuanza tena. Tereza alikuwa anajifunza.

"Radhi?" Zablon aliweka kikombe chini. "Ulikuja kuninyang'anya ardhi kwa glasi ya choya. Mimi nimekunyang'anya cherahani kwa kaburi la baba yangu. Leo siombi radhi. Na siku ukija kunizika hapa, mpagazi wangu, usitege sikio: siombi vilevile."